Hilo Nalo Liandike

Alikuja na daftari la mistari,
kijana wa kamusi, viatu vyekundu kwa udongo wa Limbani,
akataka kuketi kwenye kinu.
Kinu hakikaliwi, mwanangu, chukua mkeka.
Akachukua. Akaelekeza kalamu mapajani mwangu,
kwenye kofia ya Shaame, ya harusi, ya Ijumaa ya pili:
"Hiki, Bi Mize, mnakiitaje?"

Kitundu.
Ukikitoboa kwa msumari, uzi bado, ni tobo.
Uzi ukishakizunguka mara kumi na mbili
ndipo kinakuwa kitundu, kina adabu, hakitanuki.
Akaandika. *Tobo: halina adabu.* Na hilo akaliandika.

"Na ule, ukutani?"
Ule ufa.
Ulianza kama unywele, mwaka wa masika makubwa,
sasa mjusi anaingia na mkia wake wote.
Najua, najua, usipoziba ufa.
Udongo wa kuzibia ninao.
Aliyekuwa akiuponda ndiye sina.
Hili sikumwambia. Nilisema: ufa, wingi nyufa.

Raya wangu akapita na ndoo kichwani, akamcheka viatu.
Kijana akainamia daftari kama aliyeangusha sindano.
Ule kati ya meno ya mbele, nikamwambia, ni mwanya,
na usiandike huku unamtazama.
Mwanya kaupanga Mungu. Pengo ni jino limeng'oka.
Mimi kinywani ninayo mawili,
na kitanda changu kina moja.

Babake naye aliupata mwanya, wa aina nyingine:
kazi ya udereva, tiketi ya mkopo, boti ya asubuhi.
Akasema, Mize, huu ndio upenyo wetu.
Upenyo ulikuwa wa mwili mmoja.
Akajikunja, akapita kwa ubavu,
shati likabaki kwenye msumari wa mlango
hadi leo.
Wanasema huko Maskati ametoboa.
Wanasema. Penyenye hazibishi hodi.

"Kutoboa," kijana akauliza, "si kutia tundu?"
Ni kutia tundu. Ni kutoa siri. Ni kufanikiwa.
Msumari ni ule ule, baba,
angalia tu umeshikwa na nani.
Na ndani ya tundu hilo hilo kuku hulala,
na mtoto asiyetulia tunamwita mtundu,
na kule bandarini, penye udhia,
hupenyezwa kitu
ambacho kamusi yako haitakitolea risiti.

Akacheka. Kalamu ikasimama.
Hapo ndipo nilipompenda kidogo.

Jua lilikuwa limeshafika dirishani.
Nikaiinua kofia ya Shaame mbele ya mwanga,
nitafute niliposhona vibaya,
na nukta za nuru zikamwagika kwenye ukurasa wake,
juu ya *tobo*, juu ya *ufa*,
juu ya neno *mwanya* alilolikata mara mbili
akalirudia kwa mwandiko mzuri zaidi.
Akaanza kuzizungushia wino, moja moja,
mbio mbio, kabla mkono wangu haujachoka.
"Na hizi, Bi Mize? Hizi zinaitwaje?"

Miaka thelathini na ushei nashona,
nimezitumia kila siku kukagua kazi
na sijawahi kuwa na haja ya kuziita.
Sijui, nikasema.
Raya alikuwa ameshatua ndoo, amesimama mlangoni.

Kijana akakandamiza kalamu, anafikiri,
anakandamiza,
karatasi ikatoboka.
Tukalitazama sote watatu:
halina uzi, limechanika upande,
mkeka unaonekana ndani yake.

Hilo nalo, nikamwambia, liandike.